Mimea Isiyotoa Maua Huzaaje?

Ukitoka Isiolo mjini kuelekea Marsabit, ukishapita Archers Post utauona mlima Ololokwe upande wa kushoto. Kutoka barabarani ni kama jiwe tupu, lakini kileleni kuna msitu wa mitarakwa, na ndani yake mimea yenye majani magumu yanayochoma, inayofanana na mnazi mfupi. Hiyo ni sikadi, ambayo jamaa yake wa Pwani huitwa mtapo. Jina lake la kisayansi ni Encephalartos tegulaneus, na kiasili huota Kenya pekee.

Sikadi haitoi ua hata moja. Huzaa kwa koni, na kama ilivyo kwa mpapai, kuna mti dume na mti jike. Koni ya dume ikikomaa hupata joto na kutoa harufu inayowavuta wadudu wadogo wa jamii ya fukusi. Wadudu hao hubeba chavua hadi kwenye koni ya jike, na humo ndimo mbegu hutunga. Mbegu hizo zina sumu, kwa hivyo watoto na mifugo wasizile.

Mtarakwa nao hauna maua, ila chavua yake hubebwa na upepo. Kangaga, zinazojaa kwenye misitu yenye unyevu ya Mlima Kenya, hazina hata mbegu. Chini ya jani utaona madoa ya rangi ya kutu; hayo hutoa vumbi laini ambalo likiangukia udongo wenye maji huota kijani kidogo kuliko ukucha. Hapo mbegu ya kiume huogelea hadi kwenye yai. Pasipo maji, hakuna uzazi, na ndiyo sababu kangaga ni adimu katika nyanda zetu kavu.

Kwa sikadi, tatizo ni binadamu. Ukiwang'oa madume ukapambe ua lako, majike yanayobaki hayatapata chavua na mbegu zake hazitaota. Afrika Kusini, mwaka 1895, John Medley Wood alipata kichaka kimoja cha sikadi ya aina nyingine katika msitu wa Ngoye. Kilikuwa dume. Jike halijapatikana hadi leo.

Mkataba wa kimataifa wa CITES unapiga marufuku biashara ya sikadi za Afrika zilizong'olewa porini. Ukimwona mtu akizichimba au akiziuza, toa taarifa kwa ofisi ya KWS iliyo karibu nawe.