Shaba ya Likasi na Ufa wa Alumini

Anayeishi Buluo, pale Likasi, hahitaji kufundishwa habari za shaba. Kiwanda cha Shituru kinaisafisha tangu 1929. Kisichosimuliwa sana ni kwamba shaba kidogo, kama asilimia 4, huigeuza alumini laini kuwa aloi ya kuundia ndege. Mjerumani Alfred Wilm aliipata siri hiyo mwaka 1906.

Lakini nguvu peke yake haitoshi. Metali inaweza kubeba mzigo mkubwa ikiwa nzima, kisha ikapasuka ghafla kwa mzigo mdogo ikiwa na ufa.

Tarehe 14 Mei 1977, Boeing 707 ya mizigo iliruka kutoka Nairobi kwenda Lusaka, kwa jirani zetu wa Zambia. Ilipokaribia kutua, bawa dogo la mkiani, upande wa kulia, lilikatika. Wote 6 waliokuwamo walikufa. Wachunguzi walikuta ufa uliokuwa ukikua polepole katika boriti ya nyuma ya bawa hilo. Ndege 521 za aina hiyo zilipokaguliwa baadaye, kama asilimia 7 zilikutwa na nyufa katika boriti hiyo hiyo.

Ndiyo maana maabara huijaribu aloi ikiwa imekwisha kujeruhiwa. Kipande kinene hutobolewa matundu mawili ya kushikia, kisha hukatwa mkato ubavuni. Mkato wa mashine una ncha butu, kwa hiyo kipande huvutwa na kulegezwa mara maelfu mpaka ufa halisi uchipuke. Baada ya hapo huvutwa moja kwa moja, huku kipimo kikisoma jinsi mdomo wa mkato unavyofunguka, mpaka ufa uruke. Nguvu iliyotumika na urefu wa ufa ndivyo vinavyotoa jibu: uwezo wa aloi wa kuuzuia ufa. Unene nao una maana: kipande chembamba hunyumbuka kwanza, kikatoa namba kubwa isiyoaminika kwa kitu kinene.

Linganisha aloi mbili za alumini. Aloi ya 7075, inayotegemea zinki, huanza kulegea kwenye megapaskali 500 hivi. Aloi ya 2024, inayotegemea shaba, huanza kwenye 325 hivi. Kwa nguvu, 7075 imeshinda kwa mbali. Kwa kuuzuia ufa, katika jaribio lile la maabara, 2024 hupata kama 34 na 7075 kama 29 (megapaskali mara kipeuo cha pili cha mita). Pengo hilo si dogo, kwa sababu uwezo huo ukizidi mara mbili, ufa unaovumilika chini ya mzigo ule ule huwa mrefu mara nne.

Mwaka 1978 kanuni za Marekani zilianza kumtaka mbuni wa ndege kubwa za abiria achukulie kwamba ufa upo, ahesabu utakavyokua, na apange ukaguzi kabla haujawa hatari. Vijana wa Likasi mnaosomea ufundi, mkipewa metali yoyote msiishie kuuliza inabeba kiasi gani. Ulizeni pia inavumilia ufa wa urefu gani.