Meli Imechelewa Kung'oa Nanga? Saa Tano za Ziada Mombasa, na Pesa Iliyobaki Kwenye Simu

Saa kumi jioni, lango la bandari ya Kilindini. Teksi nyingi zimeshaondoka, maana kila mtu anajua meli ya kitalii inaondoka saa kumi na moja. Kumbe mambo yamebadilika. Kuna kipuri cha injini kinangojewa, na abiria wametangaziwa kwamba meli itaondoka saa nne usiku. Wote wawe ndani ifikapo saa tatu.

Timu yetu ilikuwa hapo kuwafunza madereva wa tuktuk kuhusu malipo ya simu. Darasa lilikuwa limeisha, tunakunja mabango, ndipo wakatokea bibi na bwana kutoka Ujerumani. Walikuwa wametoka Tsavo asubuhi hiyo. Siku iliyotangulia walisajili laini ya simu kwa pasipoti zao, wakaweka pesa kwa wakala, na sasa walikuwa wamebakisha shilingi 3,200. Shilingi za mkononi zilikuwa zimeisha. Walitaka kujua kitu kimoja tu: je, tuna muda wa kuona mji?

Kijana mmoja wa tuktuk akajibu kabla yetu. "Muda uko, mama. Fort Jesus tuwahi kabla hawajafunga, halafu Mji wa Kale, halafu Mama Ngina upepo ukianza." Wakapatana shilingi 1,000 kwa jioni nzima. Tukaomba kufuatana nao.

Saa, kabla ya pesa

Jambo la kwanza alilofanya yule kijana lilitupendeza. Alimwomba bwana amuonyeshe tangazo la meli lenyewe. Mgeni akisema "nine", dereva anaweza kusikia saa tisa, na mgeni akiambiwa "saa tatu" anafikiria alasiri. Tangazo liliandika 21:00. Saa tatu usiku, basi. Meli huwasubiri abiria walio kwenye ziara zake yenyewe, lakini aliyetoka kivyake akichelewa huachwa. Kijana akaweka kengele ya simu ilie saa mbili na nusu.

Ngome, halafu vikoi

Fort Jesus ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, na tangu 2011 iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Waomani waliizingira kuanzia 1696 mpaka wakaiteka Desemba 1698. Meli za Wareno za kuokoa ngome zilifika siku chache baada ya kuanguka. Bwana aliposikia hayo alicheka: "Kwa hiyo si sisi tu tunaongojea meli hapa."

Wakatoka wakaingia Ndia Kuu kwa miguu, wakitazama milango ya nakshi na roshani za mbao. Bibi alitaka vikoi viwili vya wajukuu. Duka alilolijua kijana lilikuwa limefungwa, akapiga simu. "Njoo nao, mwanangu. Nishafunga, lakini nafungua."

Vikoi viwili, shilingi 1,400. Namba ya mama ilikuwa imeandikwa kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi, na jua lilikuwa limeifuta kidogo. Bwana akasoma 1 mahali pa 7. Jina likatokea kwenye skrini, lakini yeye hajui majina ya kwetu, akabonyeza kutuma. Mama akatazama simu yake. Kimya. Pesa imeenda kwa mtu mwingine.

Tuliwasaidia kupiga huduma kwa wateja palepale na kuomba muamala urejeshwe. Kuomba mapema ni muhimu sana, kwa sababu aliyepokea akishatoa pesa, kuirudisha inakuwa kazi ngumu. Mama akaangalia saa, akasema, "Meli haingoji. Chukueni vikoi, mtanitumia." Bibi alikataa. Wakalipa mara ya pili, safari hii mama mwenyewe akiitaja namba polepole na kijana akisoma jina kwa sauti. Simu ikalia. Pesa imeingia. Lakini wageni walibaki na chini ya shilingi 400, na tuktuk haijalipwa.

Kijana hakuwashusha. "Twendeni Mama Ngina. Ikirudi, mtanilipa. Isiporudi, tutaongea."

Wakakaa kwenye ukuta wa bahari, wakagawana mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili. Saa mbili na dakika kumi ujumbe ukaingia: shilingi 1,400 zimerudishwa. Kijana akapata 1,000 yake, na iliyobaki ikawa madafu kwa wote, sisi tukiwemo. Kengele ilipolia walikuwa tayari ndani ya tuktuk.

Tujifunze nini?

Jioni ile ingeweza kuharibika kwa sababu ya tarakimu moja. Kwa hivyo, wewe unayehudumia wageni:

- Pata namba ya tili ya biashara na uichapishe kwa herufi kubwa. Jina la duka likitokea, hata mgeni atalitambua.
- Msomee mteja jina lililo kwenye skrini kabla hajabonyeza kutuma.
- Hakikisha pesa kwenye simu yako mwenyewe. Ujumbe ulio kwenye simu ya mteja si malipo, na picha ya skrini pia si malipo.
- Taja bei kwa shilingi kabla ya safari kuanza.
- Ukipokea pesa usiyoijua, usiirudishe mwenyewe hata ukibembelezwa. Mwambie aliyetuma apige huduma kwa wateja.
- Usishike simu ya mgeni akiweka PIN. Mwelekeze kwa mdomo.

Na kama una mgeni anayekuja kwa meli, mwambie abebe namba ya wakala wa meli bandarini. Kwa kawaida huandikwa kwenye ratiba ya siku anayopewa ndani ya meli.

Kuhusu yule mama wa vikoi, wiki iliyofuata alikuja kwenye meza yetu kuomba tili. Ile karatasi yake alikuja nayo mkononi. "Hii," alisema, "nisaidieni kuitupa."