Vitamini na presha: Wenye maduka Pemba wapime kabla ya kuagiza

Msimu wa karafuu ukiwa mzuri, fedha huzunguka Pemba kuanzia Mkoani hadi Wete, na mwenye duka anajua nini kitatoka: bati, saruji, nguo, vyombo. Kwenye maduka ya dawa hutafutwa pia makopo ya vitamini na mafuta ya samaki. Mengine hutumwa na jamaa walioko Oman, mengine huuzwa mkono kwa mkono na mawakala wanaoahidi kuwa "yanashusha presha". Bidhaa yenyewe haina ubaya. Hasara imo katika ahadi.

Wateja wapo wa kutosha. Uchunguzi uliofanyika Zanzibar mwaka 2011 ulionyesha kuwa karibu theluthi moja ya watu wazima wa miaka 25 hadi 64 wana shinikizo la juu la damu. Ugonjwa huu hauumi, hivyo mgonjwa huona dawa ya kila siku ni mzigo na kopo lenye picha ya machungwa ni nafuu. Anapoacha dawa kwa ajili ya kopo, presha hupanda kimyakimya, na mara nyingi familia hupata habari siku ya kiharusi. Hapo fedha za karafuu huishia kwenye nauli ya boti na gharama za hospitali.

Vipimo vinasemaje? Vitamini C ndiyo iliyo na walau cha kujitetea. Majaribio 29 yaliyojumlishwa mwaka 2012 yalionyesha kuwa miligramu 500 hivi kwa siku hupunguza presha ya juu kwa takriban pointi 4, na mengi yalidumu wiki chache tu. Mtu wa 170 akishuka hadi 166 bado ni mgonjwa. Vitamini D ilipojumlishwa mwaka 2015 haikushusha kitu. Vitamini E ilijaribiwa kwa watu zaidi ya 9,000 na matokeo yakatolewa mwaka 2000: haikupunguza maradhi ya moyo wala kiharusi.

Mawakala hupenda kutaja China, na kweli ipo hoja. Mwaka 2015 zilitangazwa habari za wagonjwa wa presha 20,702. Waliopewa enalapril pamoja na asidi ya foliki walipata kiharusi cha kwanza kwa asilimia 2.7, na waliopewa enalapril peke yake asilimia 3.4. Lakini wote walimeza dawa ya presha. Foliki iliongezwa juu ya dawa, haikushika nafasi yake.

Pemba yenyewe inajua kuwa kirutubisho si kitu cha kumpa kila mtu. Watoto wadogo wa kisiwa hiki walipewa madini ya chuma na asidi ya foliki katika jaribio kubwa lililoanza mwaka 2002. Mwaka uliofuata sehemu hiyo ilisimamishwa, kwa sababu waliopewa walikufa au kulazwa hospitali kwa asilimia 12 zaidi ya wenzao; malaria ilikuwa nyingi wakati ule. Taarifa ilichapishwa mwaka 2006 na ushauri wa kimataifa ukabadilika. Kwa watu wazima wenye presha, cha kuogopa ni vidonge vya potasiamu: vikichanganywa na enalapril au lisinopril, hasa kwa mwenye figo dhaifu, vinaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Kwa mwenye mtaji mdogo hesabu ni hii. Kopo huchukua fedha nyingi na hukaa rafuni, wakati joto na unyevu wa kisiwani huharibu vitamini C na kuchachusha mafuta ya samaki. Kabla ya kulipia katoni, aulize Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar kama bidhaa imesajiliwa, asome tarehe ya mwisho, na asikubali karatasi za matangazo zinazotaja kutibu presha. Dawa za kawaida za presha zisizo na jina la kifahari huwa na bei ndogo, na mgonjwa aliyeanzishwa na daktari hurudi kununua kila mwezi.

Anayetaka mafuta ya samaki aanzie sokoni. Utafiti uliofanywa Tanzania Bara na kuchapishwa mwaka 1996 uliwakuta wanakijiji wa ufukwe wa Ziwa Nyasa, walaji wa samaki, wana presha ya chini kuliko wenzao waliokula mboga na nafaka. Dagaa na vibua vya Pemba vinafaa, ila ng'onda iliyokolea chumvi isihesabiwe humo: Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai.