Kalsiamu Ikishuka Baada ya Upasuaji wa Goita

Mgonjwa aliyeondolewa goita akilalamika ganzi kuzunguka midomo na kuchomachoma kwenye ncha za vidole, asiambiwe ni mabaki ya nusukaputi. Apimwe kalsiamu ya damu siku hiyo hiyo.

Wengi wakisikia kalsiamu imeshuka hufikiria maziwa. Lakini asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili imo katika mifupa na meno, ambayo ndiyo ghala lake. Damu ya mtu mzima huhitaji takribani miligramu 8.5 hadi 10.5 tu kwa desilita moja, na kalsiamu yake ikipungua huchotewa kutoka ghala hilo. Mara nyingi, basi, ghala halijaisha; aliyeharibikiwa ni mtunza ghala.

Kazi ya mtunza ghala hufanywa na tezi nne ndogo za parathairoidi, zilizo shingoni nyuma ya tezi ya thairoidi, ile inayovimba katika goita. Homoni yake hutoa kalsiamu mifupani, huzuia figo zisiipoteze kwenye mkojo, na huziamuru figo ziamshe vitamini D ili utumbo ufyonze zaidi. Katika upasuaji wa goita, tezi hizo zinaweza kukosa damu au kuondolewa bila kukusudia. Kalsiamu pia hushuka kwa figo kushindwa kazi, upungufu wa vitamini D au magnesi, na uvimbe mkali wa kongosho.

Kalsiamu huzituliza neva. Ikipungua, neva husisimka zenyewe: misuli hukaza, viganja hupinda, koo hubana hadi pumzi kukatika, na mapigo ya moyo huvurugika. Wengine hupata degedege na kupewa dawa za kifafa bila kupimwa kalsiamu, jambo linaloumiza kwa sababu tiba sahihi ipo.

Kipimo kisomwe pamoja na albumini, protini inayobeba sehemu ya kalsiamu; ikiwa chini, jibu linaweza kudanganya. Magnesi nayo ipimwe, kwani ikipungua, kalsiamu haipandi vizuri hata mgonjwa akipewa. Mwenye dalili kali huchomwa kalsiamu glukoneti taratibu kwenye mshipa, moyo wake ukifuatiliwa.

Kwa kawaida kalsiamu hushuka ndani ya siku chache za mwanzo baada ya upasuaji, pengine mgonjwa akiwa tayari nyumbani. Kabla hajaruhusiwa, familia iulize: kalsiamu imepimwa? Tarehe ya kuipima tena ni lini? Ganzi ikianza usiku, twende wapi?