Mwalimu mtarajiwa akutanishwe mapema na mtoto mwenye mahitaji maalum

Miaka mingi iliyopita, katika shule moja ya kijijini, nilimfundisha msichana wa darasa la tatu aliyekuwa akiketi nyuma kabisa, karibu na dirisha. Nilikuwa nimetoka chuoni muhula uo huo, cheti cha P1 mkononi, nami nilijiona nimeiva. Msichana huyo alinitatiza mno. Leo angeandika imla bila kosa hata moja, kesho akakosa karibu maneno yote. Nikaamua kwamba ni mkaidi. Siku hizo kiboko kilikuwa bado halali shuleni, na sikusita kukitumia.

Aliyenizindua ni nyanya yake, aliyefika shuleni asubuhi moja akiwa amejitanda leso, akasimama mlangoni mwa ofisi ya walimu. “Mwalimu,” akasema, “mjukuu wangu ukimpa kisogo hakusikii. Yeye huyatazama midomoni.” Ndipo nilipokumbuka. Siku alizofaulu, nilikuwa nimesimama mbele nikilielekea darasa. Siku alizoshindwa, nilikuwa nikizungukazunguka baina ya madawati huku nikisoma, au nikisema huku nikiandika ubaoni. Masikio yake yalikuwa yakitoka usaha tangu utotoni, na hayakupata matibabu kwa wakati ufaao. Nilikuwa nimemchapa mtoto kwa kosa la kutosikia.

Na chuoni nilikuwa nimesomeshwa habari za watoto kama huyu! Tulipewa orodha ya aina za ulemavu, kila moja na fasili yake, tukaikariri, tukaijibia mtihani, tukapita. Lakini kuijua fasili ya uziwi ni jambo moja, na kumtambua mtoto asikiaye nusunusu miongoni mwa wenzake hamsini ni jambo jingine kabisa. Katika muda wote wa mafunzo yangu sikukutanishwa na mtoto hata mmoja wa aina hiyo.

Haifai kudai kwamba nchi yetu imelala. Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya wasioona mjini Thika mnamo 1946. Vituo vya kuwatathmini watoto wenye ulemavu vilianza 1984, na miaka miwili baadaye serikali ikaunda Taasisi ya Elimu Maalum, KISE, iliyoko Kasarani, Nairobi, ambayo imewaandaa walimu wengi hodari. Mnamo 1994, wajumbe wa serikali 92 walikutana Salamanca, Uhispania, wakakubaliana kwamba shule ya kawaida ndiyo inayopaswa kumpokea kila mtoto. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza hapa kwetu Januari 2003, milango ilifunguka zaidi. Katiba ya 2010 nayo, katika kifungu cha 54, yampa mtu mwenye ulemavu haki ya kusoma katika taasisi zilizojumuishwa katika jamii.

Maana yake ni nini kwa wewe uliye chuoni leo? Ni kwamba mtoto ambaye zamani alifichwa nyumbani, au akapelekwa katika shule ya bweni ya mbali, sasa yuko njiani kuja darasani mwako. Hatakuja na cheti cha daktari shingoni. Mtaala wa stashahada ya ualimu umelipa somo la elimu jumuishi nafasi yake, na hilo ni jema. Ninachohofia ni somo lenyewe kusomwa kama tulivyosoma sisi, yaani likaishia katika karatasi ya mtihani.

Chukua mfano wa herufi b na d. Mtoto anayejifunza kusoma Kiswahili akizibadilisha hizo mbili tu, “baba” huwa “dada”. Watoto wengi wachanga hukosea hivyo kwa muda, kisha wakaacha. Lakini yupo ambaye haachi, ingawa akiulizwa kwa mdomo anajibu kuwashinda wenzake. Huyo huenda ana disleksia, na kumwita mzembe ni kumwonea. Mwalimu atazitofautisha hali hizi mbili vipi kama hajapata kuketi na mtoto wa namna hiyo, kidole chake kikifuata mstari pole pole?

Au mtoto mwenye ualbino. Wengi wao walipelekwa katika shule za wasioona, wakafundishwa kusoma breli kwa vidole ilhali macho yao, ingawa dhaifu, yangeweza kusoma maandishi makubwa. Kilichohitajika ni dawati la mbele, mbali na mwangaza mkali wa dirisha, kofia pana wakati wa kucheza nje, na mwalimu anayesoma kwa sauti kila anachoandika ubaoni. Hayo hayana gharama kubwa. Nasi tusimsahau mtoto mwenye kipawa kisicho cha kawaida, anayemaliza hesabu kabla ya wenzake kufungua madaftari, kisha akaanza fujo kwa kukosa la kufanya. Naye ana mahitaji maalum.

Hata lugha yetu yafaa tuitazame. Kiziwi, kipofu, kiwete, kilema: majina haya yote yamevishwa kiambishi cha vitu, ingawa sarufi inatulazimu kusema kiziwi “amekuja”. Wapo wanaosema hilo ni suala la ngeli tu. Mimi husema ni afadhali kumwita mtoto kwa jina lake.

Pendekezo langu ni jepesi kulitaja. Kabla ya mwanachuo kwenda mazoezi ya kawaida ya kufundisha, akae majuma kadhaa katika kitengo au shule ya watoto wenye mahitaji maalum. Azuru kituo cha tathmini ili ajue mtoto hupelekwa wapi na kwa utaratibu gani. Ajifunze salamu na maagizo ya darasani katika Lugha ya Ishara ya Kenya. Aketi na wazazi awasikilize, kwani nyanya yule alijua jambo ambalo mimi na cheti changu hatukulijua.

Walimu wenzangu watauliza: na darasa la wanafunzi sabini? Swali lao ni la haki. Mashine ya breli na vifaa vya kusaidia kusikia havinunuliwi kwa moyo mwema wa mwalimu, na serikali haina budi kuvigharimia. Vilevile sikubaliani na wale wanaotaka shule zote maalum zifungwe. Mtoto kiziwi akiwekwa peke yake kati ya wanaosikia, bila hata mtu mmoja anayejua ishara, atakuwa ndani ya darasa na nje ya somo.

Msichana yule nilimhamishia dawati la mbele siku iyo hiyo. Sikumwomba radhi, kwani enzi hizo mwalimu hakumwomba mtoto radhi, na hilo lingali linaniuma. Nilianza kuandika ubaoni kwanza, kisha nageuka, ndipo naanza kusema. Hadi nilipostaafu, wanafunzi wangu hawakujua kwa nini nilikuwa nikinyamaza kila niliposhika chaki.