Usukani Unaojigeuza Wenyewe

Washa gari la rimoti la kutambaa miambani, acha usukani katikati, kisha lishike bodi uinue pua taratibu mpaka magurudumu ya mbele yaning'inie. Usiguse rimoti. Yakibaki yakitazama mbele, una gari zuri. Langu la kwanza, mfano wa Jeep uliopunguzwa mara 10, nilipoliinua liligeuza shingo kushoto kana kwamba limeitwa.

Kwa wiki kadhaa niliilaumu servo, ile mota ndogo inayosukuma magurudumu huku na huku. Niliona inazidiwa, nikanunua yenye nguvu zaidi. Gari liliendelea kujigeuza kila lilipovuka jiwe, sasa kwa nguvu kubwa zaidi. Kosa lilikuwa katika fimbo mbili zilizolala juu ya ekseli, na fimbo hizo ndizo ningependa kila anayeanza mchezo huu azitazame kabla hajatoa pesa mfukoni.

Magari haya yamerithi umbile la Jeep halisi, zile ambazo wapenzi wake wamekuwa wakizipitisha njia ya Rubicon, katika milima ya Sierra Nevada huko California, kwa safari zao za pamoja tangu 1953. Ekseli ya mbele ni mti mmoja mgumu kutoka gurudumu hadi gurudumu. Katika mifano mingi servo imefungwa kwenye chesisi, na fimbo ya usukani inashuka kutoka hapo hadi kwenye mkono wa gurudumu. Fimbo ya pili, inayoitwa panhadi, inaunganisha chesisi na ekseli ili ekseli isiyumbe kwenda pembeni.

Ekseli inapopanda au kushuka, ncha ya kila fimbo haiendi wima; inachora tao, kama ncha ya mkono wa mlango. Tuseme fimbo zote mbili zina milimita 100. Panhadi imelala mlalo, na ekseli inashuka milimita 20: ncha yake itavutwa pembeni kwa milimita 2 hivi, na ekseli nzima itafuata. Kama fimbo ya usukani nayo imelala vivyo hivyo, nayo itavutwa milimita 2, na magurudumu hayatajua kwamba kuna kilichotokea. Lakini ikiwa fimbo ya usukani ilianza ikiwa tayari imeinama milimita 20, mshuko uleule utaivuta zaidi ya milimita 6. Ile tofauti ya milimita 4 na kitu haina pa kwenda ila kwenye gurudumu. Kwa mkono wa gurudumu wenye urefu wa milimita 20, hiyo ni takribani nyuzi 12 za kona ambayo hukuiomba.

Basi dawa ni kuzifanya fimbo hizo ziwe sambamba, zikaribiane urefu, na zianzie upande mmoja wa chesisi. Moja ikianzia kulia na nyingine kushoto, makosa yao yanajumlishwa badala ya kufutana. Mara nyingi kazi yote ni washa mbili tatu chini ya boliti, au kuhamisha ncha ya fimbo kutoka juu ya mkono kwenda chini yake. Wapo wanaoamua kuifunga servo juu ya ekseli yenyewe. Hapo ugonjwa unaisha kabisa kwa sababu servo inapanda na kushuka pamoja na magurudumu, na uzito ule wa chini mbele unalisaidia gari kupanda. Mimi napenda servo ikae kwenye chesisi, kwa kuwa gari linabaki na sura ya gari, na mbele ya ekseli hapabaki kitu cha kugonga mawe.

Baada ya hapo watu huuliza habari za Ackermann. Mwaka 1818 huko London, Rudolph Ackermann, Mjerumani aliyechapisha vitabu na picha, alisajili hataza kwa niaba ya Georg Lankensperger, fundi wa magari ya farasi kutoka Munich. Wazo la Lankensperger ni kwamba kwenye kona gurudumu la ndani linazunguka duara dogo kuliko la nje, kwa hiyo lazima ligeuke zaidi. Chukua gari lenye milimita 313 kati ya ekseli, kama Axial SCX10 II, na tukadirie milimita 160 kati ya kingipini zake, zile pini ambazo magurudumu ya mbele hugeukia. La ndani likigeuka nyuzi 45, la nje linatakiwa ligeuke 33 na nusu tu.

Barabarani hilo ni jambo jema. Mwambani naliona ni hasara. Difu ya mtambaa miamba, zile gia zinazogawa mzunguko kwa magurudumu mawili ya ekseli, kwa kawaida imefungwa; magurudumu ya kulia na kushoto yanazunguka kwa kasi moja kwenye kila kona, kwa hiyo moja litaburuzika upende usipende. Kinacholigeuza gari ni magurudumu ya mbele kulivuta kuelekea yanakotazama, ndiyo maana baadhi ya magari ya mashindano huweza kufunga breki ekseli ya nyuma ili ya mbele izungushe pua. Kwa kazi hiyo nalitaka gurudumu la nje nalo lifike nyuzi 45. Kwa hesabu tupu ya jometri, kutoka nyuzi 35 hadi 45 nusu kipenyo cha mzunguko kinapungua kutoka milimita 447 hadi 313, na kati ya mawe mawili tofauti hiyo ni kupita au kukwama.

Ila kona kubwa ina deni lake, na linadaiwa ndani ya ekseli. Jointi ya kawaida ya krosi, ambayo Robert Hooke aliichunguza katika karne ya 17, haitoi mzunguko sawasawa ikikunjwa. Kwa nyuzi 45, kasi ya gurudumu inashuka hadi asilimia 71 ya kasi ya shafti na kupanda hadi 141, mara mbili katika kila mzunguko. Gari linarukaruka kwenye kona, na mwenyewe anadhani servo imechoka. Jointi za aina ya sivi (CV), zinazotoa kasi ileile hata zikikunjwa, zinaliondoa tatizo hilo, mradi kitovu cha jointi kikae juu ya mstari wa kingipini. Kikisogea hata kidogo, shafti inakaba. Traxxas TRX-4 ya mwaka 2017 ilikuja na gia za kupunguza kasi ndani ya kila kitovu cha gurudumu, hivyo shafti zake zinabeba msokoto mdogo zaidi.

Na kabla ya kununua servo, pima mkono wake. Servo ya kilo-sentimita 25, yenye mkono wa sentimita 2.5, inasukuma fimbo kwa kilo 10. Ufupishe mkono hadi 1.5, unapata karibu 17. Kona inapungua, lakini pengine ilikuwa imezidi. Tazama pia rimu. Zikisukuma tairi mbali na mstari wa kingipini, kila jiwe linapata wenzo mrefu wa kuupinda usukani.

Gari langu lilipona kwa washa nne na panhadi niliyoichonga upya kutoka fimbo ya alumini. Ile servo kubwa niliirudisha kwenye boksi lake. Jana nililiinua tena pua mbele ya mwanangu, magurudumu yakaning'inia yakitazama mbele, naye akauliza mbona hakuna kilichotokea.