Sola ya Kukodi: Mwenye Ufunguo na Abebe Dhamana

Tangu tarehe 29 Aprili 1954, Malkia Elizabeth wa Pili alipolifungua bwawa la Owen Falls pale Jinja, mahali ambapo mto Nile huanza safari yake ndefu ya kwenda Misri, watu wa mashariki ya Uganda wamezoea kuziona nguzo za chuma zikivuka mashamba yao ya migomba na mihogo kuelekea Tororo na mpaka wa Kenya, zikipitisha umeme mwingi juu ya vichwa vyao, ilhali kwa miaka mingi wengi wao walikuwa wakirudi jioni kwenye nyumba zilizomulikwa na tadooba, ile koroboi ya kopo la bati na utambi wa pamba, ambayo moshi wake hukausha koo na kuwasha macho ya mwanafunzi. Bwawa lilibadilishwa jina likaitwa Nalubaale, likapata mwenziwe Kiira, na mwaka 2012 likafuatiwa na Bujagali lenye uwezo wa megawati 250. Usambazaji nao ulishikwa na kampuni ya Umeme kwa miaka 20, hata tarehe 31 Machi 2025 ukarudi kwa shirika la serikali, UEDCL. Lakini kwa nyumba iliyo mbali na transfoma, hayo yote yalikuwa habari za kusikia redioni.

Katika pengo hilo ndipo iliponawiri biashara ambayo leo haina kijiji isichokifikia, kuanzia kandokando ya Jinja hadi Mbale, katika vibanda vya Namatala na nyumba za pembezoni mwa mto Nabuyonga: biashara ya kumpa mtu sola pasipo kumtaka bei yake yote, akailipia kidogokidogo kwa simu. Chimbuko lake ni fedha za simu zenyewe. Nick Hughes, aliyeshiriki kuianzisha M-Pesa nchini Kenya mwaka 2007, alikuwa miongoni mwa waasisi wa kampuni ya sola ya M-KOPA, iliyoingia sokoni Kenya mwaka 2012 na kisha ikavuka mpaka. Nayo kampuni ya Fenix, ya biashara hiyohiyo, ilishirikiana na kampuni ya simu ya MTN hapa Uganda, hata ikanunuliwa na ENGIE, shirika kubwa la nishati la Ufaransa. Wafaransa hawakuja kununua paneli. Paneli zauzwa kila mahali. Walichonunua ni mtandao wa mawakala na daftari la wateja wenye desturi ya kulipa.

Muamala wenyewe ni mwepisi kuueleza. Mwenye kuitaka sola hutoa arbuni, akapewa paneli ndogo ya kufungwa juu ya mabati, betri iliyomo ndani ya kisanduku, taa tatu nne, waya wa kuchajia simu na pengine redio. Jioni mama wa nyumba hutuma pesa, na baada ya muda mfupi huletewa ujumbe wenye tarakimu, ambazo huzibonyeza moja moja kwenye vitufe vya kisanduku huku mtoto akimsomea kutoka kwenye simu asije akakosea. Zikikubaliwa, taa huwaka, na kisanduku huanza kuhesabu siku alizozinunua. Siku hizo zikimalizika bila ya malipo mapya, jua huendelea kuipiga paneli na betri huendelea kujaa, lakini taa hukataa kuwaka, kwa kuwa ufunguo wake hauko nyumbani. Uko kwa kampuni.

Tuifanye hesabu yake kwa mfano mmoja uliojulikana sana. Mnamo mwaka 2015, mteja wa M-KOPA nchini Kenya alitoa arbuni ya shilingi 2,999, kisha shilingi 50 kila siku kwa mwaka mmoja, jumla yake shilingi 21,249 za Kenya, kwa paneli ya wati 8 na vifaa vyake. Kwa mtu mwenye akiba, hiyo si bei rahisi. Kwa mtu ambaye pesa zake huja na kwenda siku ileile, na ambaye hata hivyo angezitumia kwa mafuta ya taa na kuchajisha simu sokoni, ni njia ya kufika mahali ambapo asingefika kamwe. Mwaka ukitimia, ufunguo huondolewa na sola ikawa mali yake halisi. Hapo ndipo sisi tulipowashinda Wamarekani, kwani huko, tangu kampuni kama SolarCity zilipoeneza ukodishaji wa paneli baada ya mwaka 2008, mwenye nyumba anayezikodi hufungwa na mkataba wa miaka 20 au zaidi, na muda wote huo paneli zilizo juu ya paa lake hubaki kuwa mali ya mwingine.

Wala haifai kuulaani ufunguo kabla ya kuzitazama faida zake. Mkulima wa mlima Elgon asiye na hati ya shamba wala mshahara wa mwezi hana cha kumwekea mkopeshaji rehani. Kisanduku kinachoweza kuzimwa kutoka mbali kimekuwa rehani yake. Wachumi Paul Gertler, Brett Green na Catherine Wolfram, katika utafiti walioutoa mwaka 2021, waliwachunguza wateja wa Fenix wa hapa Uganda waliopewa mikopo ya karo kwa dhamana ya sola zao, wakaona kwamba kiasi cha wasiolipa kilipungua kwa pointi 19 za asilimia, na kwamba watoto wengi zaidi waliandikishwa shule. Mwenye kusema kwamba ufunguo ni dhuluma tupu, na awaulize wazazi wa watoto hao.

Lakini ufunguo una mwenyewe, na kila milki ina mzigo wake. Mji wa Mbale, ambao tangu mwaka 1988 ni makao ya Chuo Kikuu cha Kiislamu, haukosi wanazuoni wa kutueleza kwamba fikihi ilikwisha kuipambanua ijara, yaani ukodishaji, na bai, yaani uuzaji, karne nyingi kabla ya sola kuzuliwa: katika bai, mali na hatari yake humhamia mnunuzi; katika ijara, mpangaji hupata manufaa tu, na dhamana ya kitu chenyewe hubaki kwa mwenyewe. Ukikodi punda wa kuteremsha kahawa kutoka miinuko ya Wanale, naye akafa njiani pasipo uzembe wako, hasara ni ya mwenye punda. Sasa kampuni ikisema kwamba imeuza, basi na imdai mteja deni lake kama wadeni wote wanavyodaiwa. Na ikisema kwamba imekodisha, basi na iitengeneze mali yake inapoharibika, na isihesabu ujira wa siku ambazo mali hiyo haikufaa kitu. Haiwezi kuwa mwenye mali siku ya kuzima taa, na kuwa muuzaji aliyekwisha kuondoka siku betri inapokufa.

Jambo hili si la vitabuni. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika kwa ghafla, ikaua watu zaidi ya 20 na kuzibomoa nyumba na kila kilichokuwamo. Mtu aliyeiona paneli yake ikichukuliwa na maji kabla ya kumaliza kuilipia, je, alipoteza mali yake au mali ya kampuni? Mkataba usiojibu swali hilo kwa maneno yanayofahamika kwa Kigisu, Kisoga au Kiswahili haukukamilika, hata ukiwa na sahihi na muhuri, kwa sababu mwenye kuweka sahihi hakuambiwa anabeba nini.

Kadhalika kuna mambo ya majira. Kahawa ya Bugisu hushuka kutoka mlimani kwa wingi miezi ya mwisho wa mwaka, na pesa huja nayo. Mwezi Mei hakuna kitu mkononi, na huo ndio mwezi ambao mawingu huufunika mlima Elgon mara nyingi, paneli ikakusanya nuru kidogo, ilhali ujira wa kila siku ni uleule. Kumtaka mkulima alipe kwa siku kama mwenye bodaboda ni kumpimia kwa pishi isiyokuwa yake. Palipo na watu wenye insafu, kalenda ya malipo ingefuata mavuno, mteja akalipa zaidi wakati wa kahawa na kupumzishwa wakati wa ukata.

Hatuombi biashara hii ifungwe, wala ruzuku isiyojulikana mwisho wake. Tunaomba mambo manne yaandikwe katika kila mkataba na kusimamiwa na serikali: bei yote kwa jumla, si ya siku peke yake; nani hutengeneza, na kwa muda gani; nani hubeba hasara ya mafuriko na ya wizi; na kwamba siku ambazo sola ilikuwa mbovu zisihesabiwe. Kampuni zenye nia njema hazitapungukiwa na kitu, kwa kuwa mteja aliyetendewa haki ndiye atakayerudi kwa mkopo wa karo na wa paneli kubwa zaidi. Na zile zitakazoona masharti hayo ni mazito zitakuwa zimetujulisha zenyewe kwamba zilitaka ufunguo, hazikutaka dhamana.